Kurimoto Naozane, Ambaye Mkoa Mzima Ulimwita Naomi

Ndugu waombolezaji, majirani wa Minasawa, na nyinyi wageni mliokuja kwa basi kutoka Nagaoka: tafadhali fungueni ukurasa wa pili wa programu mliyopewa mlangoni. Wasifu uliochapwa hapo una mistari tisa. Mstari wa nane unasema, "Marehemu alikuwa mtu mkimya, na hakuwa na jambo lolote alilolipenda nje ya kazi yake." Familia inaomba radhi. Mstari huo ni uongo, ingawa hakuna aliyekusudia kudanganya. Ulipelekwa kwa mpiga chapa Jumatano, na Jumatano hiyo familia haikuwa ikijua lolote. Huu unaosomwa sasa umeandikwa leo, kati ya saa mbili na saa tano asubuhi, kwa penseli, na dada mkubwa wa marehemu, Onodera Tazuko, mwenye umri wa miaka themanini na moja, ambaye ndiye anayeusoma. Mkiona karatasi inatetemeka, ni uzee kidogo. Kilichobaki ni mshtuko.

Marehemu Kurimoto Naozane alizaliwa tarehe 9 Desemba 1943 katika kijiji cha Kamiyanagi, mkoani Niigata, akiwa mtoto wa nne na wa mwisho wa Mzee Kurimoto Eikichi na Bi. Sayo. Jina alipewa na babu yake. Zilikuwa siku za vita, na babu alitaka mjukuu shujaa, kwa hiyo akatafuta jina la kizamani, la mtu wa farasi na upanga. Shujaa mwenyewe aliogopa bata mpaka alipofika miaka kumi. Jina hilo huandikwa kwa herufi mbili tu, na kila mtu humu ndani anajua adha ya majina yetu: herufi hubeba maana, si sauti; zenyewe ni zilezile, usomaji ni wa mwenyewe. Babu hakuwaza hata siku moja kwamba mtu asiyemjua mjukuu wake, akizikuta herufi hizo mbili kwenye karatasi, angeweza kuzisoma Naomi, jina la mwanamke. Hilo litafika mahali pake.

Alisoma Shule ya Msingi ya Kamiyanagi kuanzia Aprili 1950, kisha shule ya kati mjini Minasawa hadi Machi 1959. Hakuendelea, kwa sababu mama alifariki mwaka 1955 na nyumba ilihitaji mikono. Kuna kisa kimoja cha shule ambacho dada yake hakukitia maanani mpaka leo asubuhi. Mwaka uleule mama alipofariki, mwalimu aliwaambia watoto waandike insha ya kurasa mbili kuhusu mama zao. Naozane akaandika: "Mikono ya mama ilinuka vitunguu, sasa hainuki." Mwalimu akamwuliza, "Na iliyobaki iko wapi?" Akajibu, "Imeisha." Dada yake aliitwa shuleni kuambiwa kwamba mdogo wake ni mvivu wa kupindukia, naye akakubali, tena akamvuta sikio njia nzima ya kurudi nyumbani. Anaomba radhi kwa sikio hilo.

Tarehe 1 Aprili 1962 aliajiriwa na idara ya maji ya mji wa Minasawa kuwa msoma mita, akaifanya kazi hiyo hadi alipostaafu tarehe 31 Machi 2004. Ni miaka arobaini na miwili. Mita zetu ziko ardhini, na wakati wa baridi theluji huwa kimo cha mtu, kwa hiyo alitembea na koleo na fimbo ndefu, akichoma theluji mpaka asikie mlio wa kifuniko cha chuma. Mita nyingi ziko chini ya dirisha la jikoni. Msoma mita akishainama pale haonekani, na wanawake walio ndani huendelea na maongezi yao, vicheko vyao na vilio vyao. Siku moja bibi mmoja wa mtaa wa stesheni alimkamata Fusako, mke wa marehemu, dukani mbele ya watu. "Hivi mumeo anasoma mita au anasoma gazeti? Jana kainama kwangu mpaka nikadhani kafa." Fusako alirudi nyumbani uso umemwiva kwa aibu, akamwuliza mumewe kulikoni. Naozane akajibu, "Theluji ilikuwa nyingi." Ulikuwa mwezi wa Julai, wakati wa joto kali.

Alimwoa Fusako, wa ukoo wa Yahagi wa Sugatani, tarehe 28 Aprili 1968. Bibi harusi alikuwa na miaka ishirini na miwili na alifanya kazi katika kiwanda cha kung'arisha vijiko. Walikutanishwa na mshenga, wazazi wakiwa wamekaa pembeni, na kwa saa nzima Naozane alitamka maneno mawili: "Kuna joto." Mama yake Fusako akamnong'oneza binti yake, "Angalau halewi." Ndoa ikapita kwa hoja hiyo. Baada ya hapo maneno yalipanda kidogo, yakawa matatu kwa siku: "Chakula," "Kuoga," na "Nalala." Wanaume wengi wa rika lake walikuwa hivyo, na wake zao waliwacheka wakikutana. Lakini wenzake walau wakinywa walifunguka. Huyu hakunywa. Mezani alikuwa akikunja vidole kimoja kimoja, anakunjua, anakunja tena, na Fusako alidhani anahesabu nyumba zilizobakia kusomewa mita.

Tarehe 20 Januari 1970 walipata mtoto wa kiume ambaye hakulia. Hakupewa jina. Naozane alirudi kutoka hospitalini, akachukua koleo, akazoa theluji ya mtaa mzima, nyumba moja baada ya nyingine, mpaka mikono ikatoka damu. Kisha akaingia ndani, akasema, "Chakula." Fusako hakuwahi kumsamehe neno hilo. Binti yao, Chigusa, alizaliwa tarehe 6 Mei 1973.

Lifuatalo Fusako mwenyewe ameruhusu lisomwe. Tarehe 14 Juni 1979 alichoka. Alifunga mzigo mdogo, akamshika Chigusa mkono, akapanda basi la saa tatu asubuhi kwenda kwao Sugatani, huku mvua za Juni zikimwagika na yeye kwa hasira amesahau mwavuli. Alikaa siku nne. Hakuna aliyekuja kumfuata, hakuna aliyepiga simu. Siku ya tano akarudi kwa miguu yake, akamkuta Naozane amekaa mezani kama kawaida. Akamtazama, akasema, "Chakula." Kwa miaka arobaini Fusako aliamini kwamba mumewe hakujali kabisa, pengine hata hakutambua kwamba alikuwa ameachwa. Aliishi na jambo hilo kama mtu anavyoishi na goti bovu.

Marehemu hakuugua. Jumanne tarehe 12 Novemba 2019, saa nne asubuhi, alikuwa akining'iniza figili barazani zikauke. Alisema, "Chai." Fusako alipoileta, Naozane alikuwa chini na figili moja mkononi. Mshipa wa kichwa ulikuwa umepasuka. Alifariki hospitalini siku hiyohiyo, saa nane na dakika arobaini mchana, bila kuzinduka. Alikuwa na umri wa miaka sabini na mitano.

Hapo ndipo wasifu uliochapwa ulipokomea, na laiti mkesha wa jana jioni ungekuwa mkesha wa kawaida, sote tungekwenda zetu nyumbani tukijua kwamba tumemuaga msoma mita.

Saa kumi na mbili jioni waliingia wanawake kumi na mmoja, wamevaa nguo nyeusi, tasbihi mikononi, macho mekundu. Hakuna aliyewajua. Kiongozi wao, Bi. Ubukata Kinue, mwalimu mstaafu kutoka Nagaoka, aliinama mbele ya Fusako, akampa pole, kisha akainua macho kwenye picha iliyokuwa kati ya maua. Akakunja uso.

"Samahani sana, mama. Tumekuja kumuaga Mwalimu Naomi. Mbona mmeweka picha ya mume?"

"Naomi yupi?" Fusako akauliza.

"Mwalimu Kurimoto Naomi, mshairi. Gazeti la jana limetangaza kwamba amefariki na anaagwa hapa. Hata jina lake limeandikwa pale mlangoni."

"Pale mlangoni pameandikwa Naozane."

Wakatazamana. Mmoja wao, mfupi mwenye miwani, akatoka mbio mpaka kwenye ubao, akasoma, akarudi anahema. "Jamani, herufi ni zilezile!"

Bi. Ubukata alimtazama Fusako usoni, akashuka mpaka kwenye vidole vyake, vidole vilivyopindishwa na kazi ya kiwandani. "Vijiko, kama kwenye mashairi," akasema kwa sauti ndogo. Halafu akapaza sauti. "Ni yeye! Gazeti limekosea! Aliyekufa ni mume. Mwalimu yu hai!"

Loo! Wale kumi na mmoja wakamwangukia Fusako, wakalia, wakacheka, wakamshika mikono, wakamshika sketi. Fusako alikuwa ameduwaa. Alisema, "Dada zangu, mimi naandika orodha ya sokoni tu." Wakazidi kulia: "Unyenyekevu wake uleule!" Yule mfupi mwenye miwani akaigeukia picha ya marehemu, akaikodolea macho, na wala hakuiinamia. "Kwa hiyo huyu ndiye yule bwana asiyesema," akasema. "Hata sura yake nilikuwa nimeikisia."

Kisha Bi. Ubukata akauliza jambo moja. Aliuliza kwa upole kabisa, akiwa bado ameshika mikono ya Fusako. "Mwalimu, ile kofia ya manjano, bado iko chini ya pipa la mchele?"

Fusako alibadilika rangi. Dada wa marehemu alikuwa amekaa pembeni yake na aliona kwa macho yake: midomo ikawa myeupe, akakaa chini sakafuni. Ni kofia aliyomfumia mtoto wa kwanza, yule ambaye hakulia. Aliizungushia karatasi, akaificha chini ya pipa la mchele mwezi wa Februari 1970, na mwaka hadi mwaka alipolisafisha pipa aliitoa, akaitazama, akairudisha. Hakumwambia mama yake. Hakumwambia Chigusa. Mumewe ndiye aliyefichwa kuliko wote. Na sasa mwanamke asiyemjua, kutoka mji mwingine, anamwuliza habari zake kama anavyoulizwa mtu hali ya mgonjwa.

"Nani kakwambia?" akauliza.

"Wewe, Mwalimu. Ni shairi lako. Wanawake wa mkoa huu wote tunalijua kwa moyo."

Hapo ndipo Mzee Hatano, kinyozi wa mtaa wetu, alipoinuka kwenye safu ya nyuma, kofia yake mkononi. Inafaa ikumbukwe kwamba Naozane alikwenda kwa Hatano kila Jumamosi kwa zaidi ya miaka thelathini, na kwamba tangu alipofika miaka arobaini na mitano hakuwa na unywele hata mmoja kichwani.

"Ni mimi niliyepiga simu gazetini," Mzee Hatano akasema. "Naomi ni huyo bwana kwenye picha. Barua zake zote zilikuja kinyozini kwangu."

"Nilidhani anakwenda kunyoa ndevu," Fusako akasema.

"Ndevu nazo nilimnyoa, shemeji. Zilituchukua dakika tano. Saa iliyobaki aliandika."

Mzee Hatano akaeleza, watu wote wakiwa wamesimama, hata mtawa aliyekuja kuongoza ibada. Mwezi wa Februari 1986, Naozane alituma postikadi kwenye ukurasa wa mashairi wa gazeti la mkoa, ule ambao mtu yeyote anaweza kutuma. Lilikuwa shairi fupi la mizani thelathini na moja, zinazohesabiwa kwa kukunja vidole, la namna yetu ya tangu kale. Hakuliandika kwa sauti yake. Aliliandika kama mke:

Soksi za bwana
nashona tena leo;
kidole kile
hutoka kuniona,
mwenyewe hanioni.

Lilichaguliwa la kwanza. Mtu wa gazetini, kwa kuwasaidia wasomaji, aliweka usomaji wa jina pembeni ya herufi, na akaliweka vibaya: Naomi. Mwamuzi naye akaandika chini yake kwamba ni mke wa kweli tu anayeweza kusema hivi. Hatano alimwambia awaandikie wasahihishe. Naozane akajibu, "Nikisema mimi, ni mzaha. Akisema yeye, ni haki yake."

"Basi kamwambie mkeo," Hatano akamwambia.

"Nitamwambia mwakani."

Kila mwaka mpya Hatano alimwuliza, na kila mwaka mpya jibu lilikuwa hilohilo. Vikatoka vitabu vitatu. Mwaka 2008 Mwalimu Naomi alishinda tuzo ya mkoa, akaitwa jukwaani. Naozane alituma barua ya kuomba radhi: "Mume wangu hapendi nitoke." Wanawake wa kikundi cha Nagaoka waliisoma barua hiyo kwa hasira, na tangu siku hiyo hakukuwa na mwanamume aliyechukiwa mkoani kuliko mume wa Naomi.

"Mimi nilimtukana mwaka juzi kwenye mkutano," yule mfupi mwenye miwani akasema, ameziba mdomo. "Mbele ya watu hamsini. Nilimwita gogo."

"Alikuwepo," Mzee Hatano akasema. "Alikaa nyuma. Alirudi amefurahi sana."

Wengine walicheka, ndiyo, walicheka kwenye mkesha. Fusako hakucheka. Aliinuka taratibu kutoka pale sakafuni, akaikaribia picha ya mumewe, akaitazama.

"Miaka hamsini na moja," akasema, "nilidhani naishi na ukuta. Kumbe ukuta una macho. Tena unaniandika magazetini."

Mzee Hatano akamletea bati la biskuti. Ndani mlikuwa na madaftari kumi na tisa ya idara ya maji, yale ya kuandikia mita, yamejazwa kurasa za nyuma. Juu yake palikuwa na karatasi yenye mwandiko wa marehemu: "Nikifa, madaftari yawekwe kwenye jeneza, yaungue pamoja nami. Fusako asisumbuliwe." Fusako aliisoma karatasi mara mbili, akakiweka kidole chake juu ya neno moja. Lilikuwa jina lake. Hakuwahi kuliona katika mwandiko ule.

Hapo pakazuka mvutano mbele ya jeneza. Bi. Ubukata alipiga magoti, akasema kwamba humo bila shaka mna mamia ya mashairi ambayo hayajawahi kusomwa na mtu, na kuyachoma ni kumuua Naomi mara ya pili. Mzee Hatano alisema ameahidi, na ahadi aliyompa maiti hawezi kuivunja. Chigusa, binti wa marehemu, alilia tu, akimtazama mama yake. Wote wakamgeukia Fusako.

"Yachomwe," Fusako akasema. "Kesho kabla ya kifuniko kufungwa na jeneza kupelekwa motoni nitayaweka humo kwa mikono yangu. Mwanangu aliyekufa nilimficha chini ya mchele wangu, jikoni kwangu. Yeye akaenda kumwanika kwa watu. Amenivua nguo mbele ya mkoa mzima, na mimi ndiye mtu pekee ambaye sikujua kwamba niko uchi."

Wageni wa Nagaoka waliaga kwa kuinama sana, na safari hii waliiinamia hata picha.

Leo saa kumi na mbili asubuhi, dada wa marehemu aliamka akamkuta wifi yake amekaa ubavuni mwa jeneza, bati limefunguliwa. Alikuwa akilitafuta shairi la kofia ili alichane yeye mwenyewe kabla ya moto. Hakulifikia. Alikuwa amesimama kwenye daftari la kumi na moja. Fusako alimpa wifi yake daftari. Ukurasani palikuwa na shairi moja ambalo halikuwahi kupelekwa gazetini:

Sikugeuka
pale kwenye kituo;
sikumuona
yule aliyeshika
mwavuli wangu, kimya.

Chini yake marehemu aliandika kama alivyoandika mita: tarehe, mahali, saa. Juni 14, Sugatani, saa tano hadi saa kumi na moja. Juni 15, Sugatani, saa tano hadi saa kumi na moja. Juni 16 vilevile, Juni 17 vilevile. Alikuwa akishuka kituo cha basi kilicho mbele ya nyumba ya wakwe zake, anasimama hapo mchana kutwa kwenye mvua, kisha anapanda basi la mwisho kurudi. Mlango aliuona. Hakuugonga.

"Wifi," Fusako akasema, "zile siku nne, alikwenda kazini?"

"Idara ilinipigia simu kuniuliza kama anaumwa. Nikawaambia sijui."

"Na mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia vipi na wewe hukuwepo? Halafu ukarudi, nikasahau."

Fusako akasema, "Niliporudi, mwavuli ulikuwa mlangoni, bado umelowa chepechepe. Nilimgombeza kwa kulowesha sakafu." Akaushika ukingo wa jeneza kwa mikono yote miwili. "Mjinga wewe! Mjinga mkubwa! Si ungeniita tu!"

Alilia hapo kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. Lakini angemwitaje? Ndugu waombolezaji, wengi wenu mmeoana kama wao na mnaelewa. Tangu siku ya ndoa, Naozane alipomhitaji mkewe alisema "Hee." Fusako alipomhitaji mumewe alisema "Baba Chigusa," na kabla Chigusa hajazaliwa alikohoa. Miaka hamsini na moja, ndani ya nyumba ya vyumba vitatu, hakuna aliyewahi kulitamka jina la mwenzake.

Saa tatu Mzee Hatano alifika kusimamia ahadi yake. Akalikuta bati limefungwa, na Fusako amelikalia.

"Shemeji, niliahidi," akasema.

"Wewe uliahidi. Mimi nimeahidi nini?" Fusako akajibu. "Nimeyasoma madaftari kumi na moja. Kila ukurasa umeandikwa 'mimi.' Mimi nimeosha mchele, mimi nimeumwa mgongo, mimi nimemkumbuka mtoto. Huyo 'mimi' ni nani? Ni wewe, Hatano?"

"Hapana, shemeji."

"Ni yeye?"

Mzee Hatano akaitazama picha. "Hapana."

"Basi ni mimi. Ni yangu, hata kofia ni yangu, na hakuna atakayechoma vitu vyangu bila kuniomba. Yaliyobaki nitayasoma yote, na yatakayonikasirisha nitakasirika. Nikimaliza nitaamua nani mwingine ayasome."

Mzee Hatano aliinama, akakubali. Inasemekana alionekana kufarijika, maana bati lile lilikuwa limemlemea.

Marehemu ameacha mke, Bi. Kurimoto Fusako, binti, Chigusa, na mumewe, wa Sendai, wajukuu wawili, Haruki na Momoe, dada yake, Tazuko, rafiki yake, Mzee Hatano, na wasomaji ambao jana walikuja kumlilia mwanamke, na leo wamerudi, wote kumi na mmoja, kumlilia yeye. Mtoto wake wa kiume alimtangulia.

Kwa desturi ya mashairi haya, tangu enzi za mababu, ukitumiwa moja hujibiwa kwa moja, na asiyejibu huonekana hana adabu. Fusako alikumbuka hilo kutoka shuleni. Saa tatu na nusu aliomba postikadi na kalamu, akawafukuza watu wote chumbani, akabaki na mumewe. Alitoka saa nne na robo na wino kwenye mashavu. Hajawahi kuandika shairi maishani mwake, na ameagiza hili lisomwe jinsi lilivyo, kisha liwekwe kwenye jeneza mahali pa madaftari, juu ya kifua, upande wa maandishi ukimwelekea marehemu. Sahihi iliyopo ni Fusako.

Ungeniita,
ningegeuka papo;
leo naita:
Naozane, Naomi,
geuka wewe sasa.

Apumzike kwa amani. Na safari hii akiitwa, aitike.